Muhula wa Berlin unaliwa na makaratasi, sio utalii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba hizi semesta za nje ni utalii tu wa wenye bahati, eti mtu anaenda kukaa miezi kadhaa Ulaya anapiga picha, akirudi anakuta wenzake wameshasonga mbele yeye amebaki na koti zito na stori. Kwenye hilo la kubaki nyuma hajadanganya, wapo waliorudi wakabaki nyuma kweli na wengine nawajua, ila sababu aliyoitaja sio yenyewe. Mi nilikuwa Berlin semesta ya baridi, nasoma historia, na nachoweza kusema ni kwamba muhula wenyewe ni mfupi na unaliwa na makaratasi, ya kule na ya huku, na ya huku ndio yanayouma zaidi kwa sababu hayo yangeweza kumalizwa kabla mtu hajapanda ndege.

Tuanze na kalenda maana wengi hawaijui. Kwenye karatasi semesta ya baridi Ujerumani inaanza tarehe 1 Oktoba mpaka 31 Machi, ukiiangalia unasema nusu mwaka mzima, lakini vipindi vinaanza katikati ya Oktoba na kuisha katikati ya Februari, halafu ndani yake kuna likizo ya Krismasi kama wiki mbili hivi. Piga hesabu mwenyewe. Ukitoa na wiki za mwanzo ambazo unazunguka maofisini, kusoma kwenyewe darasani ni miezi mitatu na kitu.

Na kuzunguka maofisini sio hiari. Sheria yao inasema ukihamia kwenye nyumba una siku 14 za kwenda kujisajili kwamba unaishi hapo, wenyewe wanaita Anmeldung, unaenda ofisi ya huduma za wananchi inayoitwa Bürgeramt ukiwa na pasipoti, fomu, na karatasi aliyosaini mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli kakupokea. Bila ile karatasi ya usajili unaanza kukwama, benki nyingi zinaitaka, namba ya mlipakodi inatumwa kwenye anwani uliyosajili, ofisi ya wageni nayo inaitaka ukienda kuongeza muda wa viza. Sasa shida ni kupata apointimenti, unaingia kwenye mtandao wao unakuta kalenda yote imejaa wiki na wiki, mtu mgeni anapata presha kabisa. Ambacho hakuna aliyeniambia kabla ni kwamba Berlin huna ulazima wa kwenda ofisi ya wilaya unayoishi, jiji lina wilaya 12 na unaweza kusajiliwa popote, kwa hiyo kama kwako kumejaa unaenda Spandau au Marzahn huko mwisho wa jiji, na nafasi zinaachiwa asubuhi asubuhi watu wakighairi. Taarifa fupi kama hii tu ingemwokolea mtu wiki nzima, na kila chuo kinachopeleka wanafunzi kule kina watu waliorudi wanaoijua ila hakuna anayewauliza.

Chumba ni stori nyingine. Kuna hosteli za shirika la huduma kwa wanafunzi ila foleni yake ni ndefu na usipoomba mapema, miezi kabla, sahau. Wengi wanaishia kwenye nyumba za kushea, watu watatu wanne kila mtu na chumba chake, jiko moja bafu moja, na kabla ya kupewa chumba unafanyiwa kama usaili hivi, mnakaa jikoni wanakuuliza unaamka saa ngapi, unapenda usafi kiasi gani, unaleta wageni au vipi. Haimaanishi wanakubagua, wenyewe kwa wenyewe pia wanaulizana hivyo hivyo. Unachotakiwa kujua ni kwamba kodi inatajwa kwa namna mbili, kuna kodi baridi ambayo ni ya chumba kitupu, na kodi ya moto ambayo imeshaingiza na joto la nyumba na maji na takataka, na tofauti yake sio ndogo, kwa hiyo ukiona tangazo la bei nzuri uliza kwanza hiyo ni ipi. Dhamana kisheria haitakiwi kuzidi kodi baridi ya miezi mitatu. Na akitokea mtu anayesema yuko nje ya nchi, tuma hela ya dhamana kwanza atakutumia ufunguo kwa posta, huyo ni tapeli, hamna ufunguo wala chumba, picha zenyewe kazitoa kwenye tangazo la mtu mwingine.

Kuna kitu kimoja kidogo nataka nikiseme kwa sababu kilinishangaza. Majengo mengi kule mlango wa nyumba yako hauna namba, jengo ndio lina namba, halafu chini kuna masanduku ya barua yenye majina. Mpeleka barua anaangalia jina. Kama jina lako halipo pale, barua inarudi ilikotoka, hata kama umelala ghorofani unaisubiri. Na kule kila kitu cha maana kinakuja kwa barua, kadi ya benki inakuja kwenye bahasha moja na namba yake ya siri kwenye bahasha nyingine siku nyingine, kadi ya bima ya afya hivyo hivyo. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kuambiwa na wenzangu wa nyumba ni kukata kipande cha karatasi, nikaandika jina langu la ukoo kwa herufi kubwa, nikalibandika kwa selotepu chini ya majina yao, na jingine kwenye kengele ya mlangoni. Wiki ile ile barua zikaanza kuingia, ya kwanza kabisa ikiwa ya kudaiwa ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna redio. Nafuu ni kwamba inalipwa mara moja kwa nyumba nzima, kama mwenzenu mmoja analipa wengine mnatoa namba yake ya malipo, mnachangiana basi.

Hela sasa. Hapa naona watu wanatishwa sana na wengine wanatishika bure. Ubalozi unataka uthibitisho kwamba utaweza kujikimu, na kiwango kilichokuwa kinatumika mwaka 2025 ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, na njia inayozoeleka ni kuiweka kwenye akaunti iliyofungwa ambayo kila mwezi inakuachia kiasi hicho tu, huwezi kuchota zote siku moja. Lakini barua ya ufadhili inayotaja kiasi na miezi inakubalika pia, na anayeenda kwa mkataba wa kubadilishana wanafunzi kati ya vyuo kwa kawaida halipi ada ya masomo kule, analipa mchango wa semesta tu, na bima ya afya ambayo ni lazima na kwa mwanafunzi inazidi euro 120 kwa mwezi. Kufanya kazi unaruhusiwa, siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, ila mi simshauri mtu wa semesta moja aingie na hesabu hiyo kichwani, mpaka upate kazi na makaratasi yake yaishe muhula umeisha.

Ule mchango wa semesta unalalamikiwa na wanafunzi lakini ndani yake kuna tiketi ya usafiri, na mi naona hiyo ndio zawadi kubwa ya maisha ya pale. Basi, tramu, treni za chini ya ardhi, treni za mjini, na zile treni za mikoani za Ujerumani nzima, unapanda tu, isipokuwa zile za kasi za masafa marefu. Halafu hakuna mageti stesheni. Unaingia kama unaingia kwako, mgeni anadhani ni bure, kumbe wakaguzi wanapanda wamevaa nguo za kawaida kabisa, yule jamaa mwenye kofia ya sufu na begi mgongoni mlango ukishajifunga anatoa kitambulisho, na kama huna tiketi ni euro 60 hapo hapo hakuna maelezo ya mimi mgeni.

Giza la Desemba mshaambiwa na wengine, jua linazama kabla ya saa 10 jioni na asubuhi linachelewa mpaka saa 2 imepita, linachosha, mtu analala tu, dawa yake ni kutoka nje mchana hata kama kuna baridi. Nisikae sana hapo.

Darasani ndiko nataka nikae, maana huyo ndugu anayesema utalii hajawahi kukaa kwenye semina ya saa moja na nusu na watu 15 mezani, wote wamesoma kurasa 60 za wiki hiyo na profesa anakuuliza wewe unasemaje. Vipindi ni vichache ukilinganisha na ratiba zetu, mtu anaona ana vipindi vitano sita kwa wiki anafurahi, hajui kwamba krediti 1 ya mfumo wao wa Ulaya inahesabiwa kama saa 25 mpaka 30 za kazi, na semesta inategemewa uwe na krediti 30. Hizo saa ziko maktaba. Kipindi kilichoandikwa saa 4 kinaanza saa 4 na robo, wana hiyo robo saa yao ya tangu zamani, na lekcha ikiisha wanafunzi hawapigi makofi wanagonga meza kwa vidole, siku ya kwanza nilidhani wanamfukuza mzee wa watu. Masomo mengi ya shahada ya kwanza ni kwa Kijerumani, ya Kiingereza yapo ila ya kuokoteza, kwa hiyo anayetaka kwenda aanze lugha mapema na sio wiki mbili kabla.

Na jiji lenyewe, kwa mtu wa historia anayetoka upande wetu, ni darasa. Mfano mmoja. Makumbusho ya viumbe na maumbile pale Berlin, ukiingia tu ukumbi wa kwanza unakutana na mifupa ya dinosaria mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, ndio mifupa mirefu kuliko yote ya dinosaria iliyosimamishwa duniani, na imetoka Tendaguru, Lindi. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, wakati Maji Maji imeisha 1907 tu na watu wa kusini hawajapumua kwa njaa na vifo, wakabebeshwa mifupa kwa kichwa na mabega kutoka porini mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Nimesimama pale chini naangalia juu, watoto wa shule wamekaa sakafuni wanachora, na nikawa nafikiria kwamba mi nimesoma historia tangu msingi na hilo jina la Boheti sikuwahi kulisikia darasani hata siku moja.

Au panda treni namba U6 ushuke Afrikanische Straße huko Wedding, kuna mtaa mzima umepewa majina ya Afrika, Sansibarstraße, Ugandastraße, Usambarastraße, na kuna barabara iliyokuwa imepewa jina mwaka 1939 kumuenzi Carl Peters, yule yule aliyekuja kusainisha machifu mikataba, watu wakaipigania miaka na miaka mpaka Agosti 2024 ikabadilishwa, kipande kimoja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke mpigania haki wa Namibia, na kingine ni Maji-Maji-Allee. Kibao kimesimama barabarani kabisa. Na Kiswahili chetu kilikuwa kinafundishwa jijini humo tangu chuo chao cha lugha za mashariki kilipoanzishwa 1887, na mmoja wa waalimu alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyefika 1900, akaoa Mjerumani, akataka kurudi na mkewe mwaka 1905 wakazuiwa kushuka Dar es Salaam na serikali ya kikoloni, ikabidi warudi, akafia Berlin 1927. Ndugu yangu kama huo ni utalii basi naomba vyuo vyote vipeleke watalii.

Mi karatasi yangu ya mwisho wa semina niliandika kuhusu wapagazi wa Tendaguru. Niliiandikia Lichterfelde, hapo hapo Berlin, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa lao, ndiko yaliko mafaili ya wizara yao ya makoloni, unajaza fomu unaletewa faili mezani, karatasi za kahawia zimeandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani ambao hata Wajerumani wenyewe wa umri wangu hawausomi, nilikuwa nakaa na mwenzangu mmoja tunabahatisha herufi moja moja kwa alfabeti aliyotuchapishia mwalimu. Ukipata neno "Lindi" katikati ya mstari ambao huelewi unafurahi kama umeokota hela.

Sasa Mhariri hapa ndipo barua yangu ilipokuwa inaelekea. Nimerudi na ile karatasi, na alama, na krediti zake, idara ikaniambia jina la somo halipo kwenye mtaala wetu kwa hiyo halihesabiki. Yaani somo la historia ya nchi zetu, limefanywa kwa nyaraka za asili ambazo hapa nyumbani hatuna, halihesabiki kwa sababu jina lake haliendani na jina la kwenye kitabu cha mwongozo. Sitataja chuo maana najua sio kimoja. Na mimi nina afadhali. Kuna jamaa tulikuwa naye kule, uhandisi, kichwa kweli kweli, kapata 1.3 kwenye somo gumu ambalo Wajerumani wenyewe walikuwa wanadondoka, kurudi ofisi ya mitihani ikasoma 1.3 kama GPA, ule wastani wa alama wa huku ambao namba ndogo ndio mbaya, ikamuandikia kafeli. Kule alama zinaenda kinyume, 1.0 ndio ya juu kabisa, 4.0 ndio ya kuponea, na 5.0 ndio kufeli. Mtu kapata karibu na kilele kaandikiwa arudie mwaka! Ilichukua miezi kurekebisha na alikuwa ameshapoteza udhamini wa mwaka uliofuata.

Halafu kuna suala la tarehe ambalo hakuna anayelisema. Karatasi za semina kule mara nyingi hazikusanywi siku ya mwisho ya vipindi, unapewa mpaka mwisho wa Machi uandike kwa utulivu, profesa naye anachukua wiki kadhaa kusahihisha, na ofisi yao inatoa matokeo rasmi baadaye tena, unaweza kufika Mei hivi hivi. Wakati huo huku bodi ya mitihani imeshakaa, imeshafunga, na jina lako lina nafasi tupu, na nafasi tupu kwa ofisi zetu nyingi inasomeka kama hukufanya mtihani. Hapo ndipo anapozaliwa huyo mwanafunzi "aliyebaki nyuma" ambaye msomaji mwenzangu anamcheka.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa ipo na haina gharama. Mfumo wa Ulaya una fomu ya makubaliano ya masomo, inasainiwa na pande tatu, mwanafunzi, chuo anakotoka na chuo anakoenda, inataja somo gani la kule litahesabika badala ya lipi la huku na krediti ngapi. Ikisainiwa, imesainiwa, hakuna cha jina haliendani. Jedwali la kubadilisha alama nalo lipo, Wajerumani wana kanuni yao ya hesabu wanayotumia kubadilisha alama za wageni, huku nasi tukae mezani mara moja tuandike yetu, ibandikwe ofisi ya mitihani ukutani. Na hizo bodi ziwe na uwezo wa kuandika kwamba matokeo ya huyu yanasubiriwa mpaka mwezi wa 6, basi, hakuna sheria itakayovunjika.

Mpaka hapo ofisi zitakapoamka, anayeondoka Oktoba hii asiondoke bila sahihi ya mkuu wa idara na muhuri kwenye hiyo orodha ya masomo. Na masomo atabadilisha tu akifika, maana ratiba kamili mara nyingi inajulikana mtu akiwa ameshaingia na vipindi vingine vinagongana, kwa hiyo wiki hiyo hiyo atume orodha mpya kwa barua pepe isainiwe upya, adai ijibiwe kwa maandishi, na nakala aiweke kwake na kwa mzazi wake, asisubiri kuja nayo mkononi.

Msomaji wako,
mwanafunzi wa historia, mwaka wa mwisho